Maswali ya Wasomaji: Takwimu za Programu Huria Zinahesabu Nini?

Barua kadhaa zilizotufikia kutoka Lindi na Mtwara zinagusa jambo moja. Mtu ameona kwenye tovuti hesabu inayosema kuwa programu huria fulani ina shughuli nyingi na nyingine haina, naye anataka kujua kama hesabu hiyo inategemeka. Tumechagua barua tano. Kwa wasomaji ambao neno hili ni geni kwao, programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta cha kufanya, uko wazi, na kila mtu ameruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuusambaza.

Swali la kwanza

*Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Ruangwa. Bodi yetu inatafuta programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama na za mazao yanayopokelewa, na kwa kuwa hatuna fedha za kulipia leseni kila mwaka tumeamua kuchukua programu huria. Kijana anayetusaidia mambo ya kompyuta ametuletea mbili. Ya kwanza, kwa mujibu wa tovuti ya takwimu, imepata maelfu ya mabadiliko ndani ya mwaka mmoja. Ya pili haikufikisha hata mia mbili. Bodi inaelekea kuchagua ya kwanza kwa sababu ya hesabu hiyo peke yake. Je, ni sahihi?*

Hesabu zote mbili zinaweza kuwa za kweli na bado zisijibu swali la bodi yenu. Programu nyingi huria siku hizi hutunzwa kwa Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta. Mtengenezaji anapofika mahali anapotaka kuhifadhi kazi yake, Git huweka kumbukumbu ya maandishi yaliyoongezwa na yaliyofutwa, jina na barua pepe ya aliyefanya kazi, tarehe na saa, pamoja na maelezo mafupi ya sababu. Kumbukumbu moja ya namna hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa badiliko moja, na tovuti za takwimu hufanya kazi ya kuzikusanya na kuzijumlisha.

Ugumu unaanzia hapo, kwa maana hakuna aliyeweka kipimo cha badiliko moja. Mtengenezaji mmoja huhifadhi kila anaposahihisha herufi iliyokosewa, na mwingine hufanya kazi wiki nzima kisha akahifadhi mara moja. Ipo pia miradi yenye utaratibu wa kuyakunja mabadiliko yote ya kazi moja, hata yakiwa thelathini, yakawa moja kabla ya kuyaingiza kwenye msimbo mkuu, ilhali miradi mingine huyaacha yote jinsi yalivyo. Ni kama daftari la ghala linaloandika kila mkulima alifika mizani mara ngapi, bila kuandika kilo wala daraja la korosho: aliyeleta ndoo kumi kwa siku kumi ataonekana kuwa mzalishaji mkubwa kuliko aliyeshusha magunia yake yote kwa safari moja. Wewe mhasibu usingekubali kulipa kwa daftari hilo, na sioni kwa nini bodi ichague programu kwa daftari la aina hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wenu anaweza kulichunguza kwa muda mfupi. Programu ya leo hutegemea maktaba nyingi za msimbo ulioandikwa na watu wengine, na maktaba hizo hutoa matoleo mapya mara kwa mara. Zipo roboti zinazofuatilia matoleo hayo na kupendekeza mabadiliko zenyewe. Inayojulikana zaidi ni Dependabot, ambayo iliyoinunua mwaka 2019 ni GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu. Katika mradi wenye maktaba nyingi, roboti inaweza kuwa ndiyo mchangiaji mwenye mabadiliko mengi kuliko binadamu yeyote. Kazi yake ina faida, lakini haioneshi kwamba kuna mtu anayefikiria mahitaji ya chama cha ushirika. Mwombeni kijana aondoe majina ya roboti kwenye orodha, kisha ahesabu upya.

Huenda mtu akawashauri mhesabu mistari ya msimbo badala ya mabadiliko. Kipimo hicho ni dhaifu zaidi. Faili moja iliyozalishwa na mashine inaweza kuongeza maelfu ya mistari ambayo hakuna mtu aliyeiandika wala atakayeisoma, na maktaba ya mtu mwingine ikinakiliwa nzima ndani ya mradi huonekana kuwa kazi ya aliyeinakili. Kwa upande mwingine, kazi nzuri mara nyingi hupunguza mistari. Mwaka 1982, wakati kampuni ya Apple ilipokuwa ikitengeneza kompyuta ya Lisa, viongozi waliwataka watengenezaji wajaze fomu kila wiki kueleza wameandika mistari mingapi. Bill Atkinson, ambaye wiki hiyo alikuwa ameandika upya sehemu ya programu yake ya michoro ikawa fupi na yenye kasi zaidi, alijaza kwamba ameandika mistari hasi 2,000. Inasimuliwa kwamba baada ya wiki chache waliacha kumdai fomu.

Kutokana na mistari huzaliwa hesabu ya tatu, ambayo bodi huipenda kwa kuwa ni ya fedha. Tovuti ya Open Hub, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Ohloh, hukadiria kila mradi ungegharimu miaka mingapi ya kazi na dola ngapi kama ungeandikwa kwa kuajiri watu. Makadirio hayo hutumia kanuni ya COCOMO ambayo Barry Boehm aliichapisha mwaka 1981, akiijenga juu ya uzoefu wa miradi 63. Kwa kanuni hiyohiyo David A. Wheeler alikadiria mwaka 2001 kwamba Red Hat Linux 7.1, yenye mistari zaidi ya milioni 30, ingehitaji takribani miaka 8,000 ya kazi ya mtu mmoja na zaidi ya dola bilioni 1. Wheeler alikuwa anajibu swali la maana, yaani kama programu huria ni kitu kidogo au kikubwa katika uchumi, na kwa swali hilo makadirio yalifaa. Kwa kuchagua kati ya programu mbili za kutunza kumbukumbu za wanachama, hayafai hata kidogo.

Sasa mchague vipi? Kwanza, angalieni kazi ya mwaka uliopita imegawanyikaje. Ikiwa mtu mmoja ndiye aliyefanya karibu yote, jiulizeni itakuwaje akipata ajira nyingine au akiugua. Programu yenye mabadiliko mia mbili kutoka kwa watu watano inanipa utulivu zaidi kuliko yenye maelfu kutoka kwa mtu mmoja na roboti yake. Pili, someni taarifa za hitilafu zilizoandikwa na watumiaji, na hasa mwangalie kama zinajibiwa na zinajibiwa na nani, kwa sababu taarifa ishirini mkizisoma kwa makini zitawaeleza mambo ambayo jedwali haliwezi kuwaeleza. Tatu, na hili halihusiani na takwimu lakini nisingependa mlisahau, hakikisheni kwamba kumbukumbu zenu zinaweza kutolewa kwenye programu zikiwa katika faili ya kawaida, ili siku programu itakapokufa msilazimike kuandikisha wanachama upya msimu ukiwa umeshaanza.

Swali la pili

*Nina duka dogo la kutengeneza kompyuta Newala. Kuna programu inajitangaza kwamba imepakuliwa mara milioni kadhaa na ina maelfu ya nyota. Je, hiyo si dalili kwamba inatumiwa na watu wengi?*

Ni dalili kwamba faili imeombwa mara nyingi, basi. Ghala la npm, ambalo ndilo kubwa zaidi kwa maktaba za lugha ya kompyuta ya JavaScript, lilieleza lenyewe mwaka 2014 kwamba hesabu yake ni ya kila mara seva inapotoa faili. Ndani yake zimo seva zinazojenga programu upya kila msimbo unapoguswa, zimo seva zinazotunza nakala ya ghala zima, na zimo roboti zinazopita kuchunguza. Kampuni moja yenye seva zisizolala inaweza kupakua kifurushi kilekile mamia ya mara kwa siku. Wewe nawe ukipakua mara moja, ukaiweka kwenye flashi na kuifunga kwenye kompyuta kumi za wateja wako, kwa takwimu hizo ninyi nyote ni mmoja.

Nyota ni dhaifu kuliko hizo. Mtu hubofya nyota kwa sababu ameipenda, ameisikia, au anataka kuikumbuka baadaye, na hakuna anayemwuliza kama aliwahi kuifungua. Aidha, nyota huuzwa. Mwaka 2024 watafiti, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walitoa uchunguzi ulioonesha mamilioni ya nyota za GitHub zinazoshukiwa kuwa za bandia, na baadhi yake zilitumika kupamba programu zenye nia ya kuwadhuru watumiaji. Kabla ya kuiweka programu kwenye kompyuta ya mteja, hakikisha umeipata kwenye tovuti ya mradi wenyewe.

Swali la tatu

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni hapa Mtwara Mjini. Nimeomba kazi na nimeambiwa kwamba waajiri huangalia viboksi vya kijani kwenye ukurasa wa mtu wa GitHub, kila kiboksi kikiwa cha siku moja ya kazi. Vyangu vingi ni vyeupe, ingawa nimefanya kazi karibu kila siku kwa miezi mingi, mara nyingi bila intaneti. Rafiki yangu ana kijani mwaka mzima na mimi najua hafanyi kitu. Kwa nini?*

Marahaba. Kufanya kazi bila intaneti si sababu ya viboksi vyako kuwa vyeupe, kwani Git iliundwa mtu aweze kuhifadhi mabadiliko kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuyapeleka baadaye, nayo yatabaki na tarehe ya siku yalipohifadhiwa. Sababu ziko kwenye kanuni za kuhesabu. GitHub hukuhesabia badiliko ikiwa barua pepe iliyoandikwa ndani yake imesajiliwa kwenye akaunti yako, na ikiwa badiliko limefika kwenye tawi kuu la mradi, yaani mkondo rasmi wa msimbo wake. Kazi iliyo kwenye tawi la pembeni haihesabiwi hadi iunganishwe, na kazi uliyoifanya kwenye nakala yako ya mradi wa mtu mwingine haihesabiwi hadi mwenye mradi aipokee. Kazi ya mradi uliofungwa haioneshwi kwa wageni mpaka wewe uruhusu.

Kwa wanafunzi, kosa huwa kwenye barua pepe kuliko mahali pengine popote. Mtu ameiandaa Git kwenye kompyuta ya maabara kwa anwani moja, nyumbani kwa nyingine, na akaunti ameifungua kwa anwani ya tatu. Angalia anwani zilizo ndani ya mabadiliko yako, kisha zilizo zako zote ziongeze kwenye akaunti. Hata mabadiliko ya zamani yataanza kuhesabiwa. Angalia vilevile saa ya kompyuta, kwa maana Git huamini saa inayoikuta, na kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa inaweza kuandika kazi ya leo kwa tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Kuhusu rafiki yako, sitamshutumu bila kumfahamu, ila nitakueleza kinachowezekana. Tarehe ndani ya badiliko huandikwa na mwenye kompyuta, naye anaweza kuandika tarehe yoyote anayotaka. Kuna watu waliotengeneza programu ndogo za kupaka viboksi hivyo rangi hadi vikasomeka kama maneno au picha, na wengi wao walifanya hivyo kwa utani, wakionesha jinsi kipimo chenyewe kilivyo chepesi kuchezewa. Jina la mwandishi nalo halihakikiwi. Mtu anaweza kuandika jina na barua pepe ya mtengenezaji mashuhuri, na badiliko likaonekana kuwa la mashuhuri huyo. Kinga yake ni sahihi ya kidijitali inayowekwa kwa ufunguo wa siri wa mwandishi, na ni watu wengi wasioitumia.

GitHub wenyewe walikwisha kuona madhara ya kupima watu kwa mfululizo wa siku. Zamani ukurasa wa mtu ulionesha amefanya kazi siku ngapi mfululizo bila kukosa, na hesabu hiyo waliiondoa mwaka 2016. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Oktoba 2020. Kampuni ya DigitalOcean huendesha kila mwaka tukio liitwalo Hacktoberfest, na wakati huo aliyewasilisha mapendekezo manne ya mabadiliko kwenye miradi huria alipewa fulana. Mwaka ule wasimamizi wa miradi walifurikwa na mapendekezo yasiyo na maana, mtu akiongeza neno moja kwenye faili ya maelezo ili apate namba, hata waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni ndani ya siku chache ili ihesabiwe tu miradi iliyokubali kushiriki. Takwimu za mwezi ule, ukizitazama bila kujua habari ya fulana, utasema ulimwengu wa programu huria ulichangamka mno.

Ushauri wangu ni kwamba katika barua yako ya maombi usitaje viboksi. Taja badiliko moja au mawili yaliyopokelewa na mradi usio wako, weka kiungo cha mazungumzo yaliyotangulia kupokelewa kwake, na ueleze kwa sentensi tatu tatizo lilikuwa nini na kwa nini ulilitatua kwa njia hiyo. Mwajiri anayejua kazi atayasoma mazungumzo hayo, na jinsi ulivyopokea marekebisho ya wengine itamweleza mengi. Anayetazama rangi peke yake, sina la kukusaidia juu yake.

Swali la nne

*Ndugu, mimi ni mwalimu Nachingwea. Shuleni tunatumia programu huria ndogo ya kuandikisha vitabu vya maktaba, kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na intaneti. Mwenzangu ameona kwamba haijapata badiliko kwa zaidi ya miaka miwili, na anasema imekufa, tuiache. Inafanya kazi vizuri. Tuiache?*

Kwa maelezo uliyotoa, endeleeni kuitumia, na mtunze nakala ya kumbukumbu zenu nje ya kompyuta hiyo.

Ukimya katika takwimu una maana zaidi ya moja. Kuna programu zilizonyamaza kwa sababu zimekamilika. TeX, mfumo wa kupanga kurasa za vitabu ambao Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford aliuanza mwishoni mwa miaka ya 1970, hupata marekebisho madogo baada ya miaka kadhaa. Kila toleo huongezewa tarakimu moja ya pai, na lile la mwaka 2021 lilikuwa 3.141592653. Knuth ameagiza kwamba akishafariki namba iwe pai yenyewe, na hitilafu zozote zitakazobaki zihesabiwe kuwa sehemu ya programu. Tovuti ya takwimu ingeupa mradi huo alama ya chini kabisa, ilhali vitabu vya hesabu duniani kote vinaendelea kupangwa kwa mfumo huo.

Uchache wa wachangiaji nao hupotosha. SQLite, programu ya kutunza data iliyomo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, hutengenezwa na watu wachache sana ambao kwa kawaida hawapokei msimbo kutoka nje, na hawaitunzi kwa Git bali kwa Fossil, chombo chao wenyewe. Anayepima uhai wa mradi kwa wingi wa wachangiaji ataiona kuwa hatarini.

Hata hivyo nisije nikakufanya udharau ukimya. Mwaka 2014 ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri kwenye intaneti, ulimwengu ulishangaa kusikia kwamba ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiifanyia kazi kwa muda wake wote. Tofauti iko kwenye kazi ya programu. Ile inayopokea data kutoka kwa watu usiowajua kupitia intaneti inahitaji mtu aliye macho kila wakati, kwa kuwa wanaotafuta mianya nao hawalali. Orodha ya vitabu kwenye kompyuta isiyo na intaneti haihitaji hivyo. Siku shule itakapoiunganisha na mtandao, uliza swali lako upya, na jibu langu litabadilika.

Mweleze pia mwenzako kwamba shughuli nyingi nazo si kinga. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye seva kulichukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeupachika, kwa akaunti yenye jina la Jia Tan, alikuwa ameuchangia mradi kwa zaidi ya miaka miwili kwa bidii na adabu hadi akakabidhiwa usimamizi. Kwa vipimo vyote vya shughuli, mradi ule ulikuwa unafufuka.

Swali la tano

*Ninaandaa utafiti hapa Mtwara kuhusu ushiriki wa Watanzania katika programu huria kwa miaka ishirini iliyopita. Je, naweza kutumia takwimu za nchi zinazotolewa na mitandao kama GitHub, au nizikusanye mwenyewe kwenye miradi?*

Unaweza kufanya yote mawili, mradi ueleze ndani ya utafiti kila hesabu ilipatikanaje, kwani kila njia ina upofu wake.

Tuanze na mahali. Tangu mwaka 2023 GitHub hutoa takwimu za kila robo mwaka kwa nchi mbalimbali, ikikadiria mahali kwa anwani ya intaneti ya mtumiaji. Mtanzania anayesoma India anahesabiwa huko, na anayepita kwenye VPN, huduma inayoficha mahali mtu alipo, anahesabiwa popote VPN ilipo. Ukiamua kutumia mahali ambapo mtu amejiandikia kwenye ukurasa wake, utakutana na nafasi iliyo tupu, na mwingine aliyeandika mzaha. Baadhi ya watafiti hutumia saa za eneo, kwa kuwa Git huandika tofauti ya saa kati ya kompyuta na saa ya dunia, na kwetu hiyo ni +0300. Jihadhari sana na njia hii, maana +0300 ni yetu pamoja na Nairobi, Kampala na Addis Ababa, lakini pia ni ya Moscow, Riyadh, Baghdad na Istanbul. Mtu anayeihesabu yote kuwa Afrika Mashariki atapata wachangiaji wengi ajabu, na sehemu kubwa yao watakuwa Warusi.

Kisha kuna miaka. Miradi ya zamani ilitunzwa kwa vyombo vilivyoitangulia Git, yaani CVS na baadaye Subversion, ambavyo huandika jina la mwenye ruhusa ya kuingiza msimbo, si lazima jina la aliyeuandika. Mchangiaji aliyetuma kazi yake kwa barua pepe alionekana, pengine, kama shukrani ndani ya maelezo. Git hutenganisha mwandishi na mwingizaji, kwa hiyo mradi ulipohamia Git orodha ya wachangiaji iliweza kukua mwaka uleule bila mtu hata mmoja kuongezeka. Grafu ya miaka ishirini itakuonesha kupanda huko, nawe utashawishika kutafuta sababu za kijamii. Linux yenyewe ni mfano mwingine. Ilianza mwaka 1991, lakini kumbukumbu yake ya Git inaanza Aprili 2005, na badiliko la kwanza ni la Torvalds akiingiza mistari zaidi ya milioni 6 kwa mkupuo. Ukiisoma kama ilivyo, mtu mmoja aliandika yote siku moja.

Ukichukua sampuli kutoka GitHub, kumbuka pia kwamba si kila hifadhi, yaani kabati la mafaili ambalo mtu amelifungua humo, ni mradi. Utafiti wa Kalliamvakou na wenzake wa mwaka 2014 uliona kwamba zaidi ya theluthi mbili ya hifadhi zilikuwa za mtu binafsi, na kwamba nyingi hazikuwa na shughuli yoyote ya karibuni. Mazoezi ya darasani, tovuti ya harusi na faili za majaribio zimo humo zote. Kwa upande wa pili, miradi iliyo GitLab, Codeberg au kwenye seva za vyuo haimo kabisa.

Lililo zito zaidi kwa utafiti wako, kwa maoni yangu, ni ushiriki usioacha alama kwenye msimbo. Mfumo wa taarifa za afya nchini hutumia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mtu wa wilayani anayeingiza taarifa za zahanati za Tandahimba, anayewafundisha wauguzi kuijaza, au anayeandika kwamba fomu fulani haimfai, anaifanya programu hiyo iwe na maana, na hakuna hesabu ya mabadiliko inayomjua. Tafsiri nayo hupotea. Mwaka 2004 OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini, ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi ya aina hiyo huingia kwenye msimbo ikiwa faili za maneno, mara nyingine kwa jina la mtu mmoja au la roboti, hata kama waliofanya ni kundi. Mambo haya huwezi kuyapata bila kuwauliza watu. Tenga sehemu ya muda wako kwa mahojiano, na usiyaweke mwishoni kama nyongeza.

La mwisho ni la utaratibu. Historia ya Git inaweza kuandikwa upya na mwenye mradi, akaunti hufutwa, majina hubadilishwa, na mtu mmoja anaweza kuonekana watatu kwa sababu ya anwani tatu, jambo ambalo miradi mingine hulirekebisha kwa faili iitwayo mailmap na mingine hailirekebishi. Kwa hiyo hifadhi nakala ya data yenyewe pamoja na tarehe uliyoichukua, andika umeunganishaje majina na umeondoa roboti zipi, na uiambatishe orodha hiyo ili msimamizi wako au mtafiti atakayefuata aweze kurudia hesabu yako na kupata jibu lilelile.